Kifungo

Aliingia Novemba, zipu ya koti imepanda hadi kidevuni,
akaketi ukingoni mwa kiti kama aliyeitwa na mkuu wa shule.
Otylia Grabarczyk, miaka hamsini na miwili,
mtunza hesabu wa kiwanda cha soksi, hapa Łódź.
"Utanicheka," akasema.
Sikucheka. Nikaandika tarehe.

Vitabu vyangu vina mizani nne za kumpimia mja.
Je, ni wachache wafanyao hivyo?
Basi mpiga fidla hodari naye alazwe wodini,
maana wa kiwango chake hawajazi benchi moja.
Je, jamii inashangaa?
Jirani yangu huongea na mumewe makaburini kila Jumapili,
humpa habari za bei ya makaa,
na mtaa mzima humsaidia kubeba maua.
Je, ni hatari kwake au kwa wengine?
Na ya mwisho, ambayo huiuliza polepole:
hofu ikishachukua fungu lake,
mwenyewe unabaki na maisha kiasi gani?

Hapo aliinamisha uso.

"Kalina alizaliwa Januari. Siku ya pili wakamvika
kijishati chenye vitatu, vyeupe, hapa kifuani.
Nikadanganya nina homa. Mama mkwe akambeba hadi nyumbani.
Baba alipofariki, walinipa shati lake nimvike.
Nilisimama nalo mlangoni, limekunjwa ndani ya gazeti,
hadi mhudumu wa maiti akanionea huruma.
Mimi si mjinga, daktari.
Najua ni plastiki. Najua havina meno.
Kichwa kinajua. Ngozi ndiyo haijaambiwa."

Anayeogopa tramu akiwa amesimama relini ana akili timamu.
Anayeogopa tramu akiwa kitandani, blanketi hadi masikioni,
huyo aje tuzungumze.
Otylia huzunguka mitaa mitatu kukwepa duka la fundi cherehani.
Moyo humwenda mbio kwa kutajiwa tu.
Kifungo chake: miaka arobaini na mmoja,
bila hakimu, bila rufaa.
Nikamwambia hali yake ina jina, ni fobia.
Akalia kidogo. Kumbe ina jina.
Kumbe yupo mwingine.

(Mimi hurudi jikoni mara tatu kila asubuhi
kuhakikisha gesi imezimwa.
Hilo haliko kwenye faili lolote.)

Kwa wema wangu nilivaa sweta za kuvutwa kichwani,
Novemba yote, Desemba yote,
asikutane nacho hata kimoja.
Msimamizi wangu, Dobrogost, mzee wa maneno machache,
akafungua daftari langu, akalifunga.
"Umeilisha hofu yake uji," akasema, "tena kwa kijiko."

Tukaanza upya. Neno, kwa penseli, kwenye karatasi.
Kisha picha. Kisha kimoja ndani ya chupa, kule dirishani,
theluji ikiwa nyuma yake.
Kila Alhamisi chupa ilisogea upana wa kiganja.
Haba na haba hujaza kibaba, lakini sisi
tulikuwa tukikipunguza kibaba kilichojaa,
na wiki nyingine kilijaa tena.
Februari hakuja kabisa.

Machi nikavaa kardigani ya marehemu shangazi,
vitano, rangi ya asali.
Alishika mikono ya kiti. Jasho likamtoka juu ya mdomo.
Hofu hupanda ngazi mbio;
ukikaa ukaisubiri huko juu, nayo huchoka.
Tukasubiri. Tramu nne zikapita barabarani.
Alikuwa akikitazama cha tatu,
akikitazama kama mtu anayesoma barua ya benki.
Ya tano ilipopita, pumzi yake ikashuka.

"Hicho kimelegea," akasema. "Uzi umechakaa.
Tafuta mtu akushonee."
Akachukua mkoba wake, akafika mlangoni.
"Si mimi, daktari. Mtu mwingine.
Bado."